Kazi Huanzia Mlangoni Pako



Ilikuwa jioni moja ya Mfungo Sita mwaka jana. Nilikuwa nimekwisha kusali Laasiri na kukaa barazani kuchagua mchele, ndipo mtoto wa dada yangu alipoingia na bahasha mkononi. Alinipa mkono, akaubusu wangu kama alivyolelewa, akakaa. Uso wake ulikuwa uso wa mtu asiyejua kama amekuja kutoa habari ya harusi au ya matanga.

“Mama mdogo, nimepata kazi,” akasema. Nikamshukuru Mola kwa sauti, kwani binti huyu ana stashahada ya uhasibu iliyolala kabatini miaka mitatu. Kwa muda wote huo amekuwa akishona madera na buibui nyumbani kwake Likoni, huku akipeleka maombi ya kazi kila alikosikia kuna nafasi. Kabla sijamaliza kushukuru, akaongeza kwa sauti ya chini: “Lakini iko Mtwapa.”

Msomaji wa Mombasa hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa yule aliye mbali nasi, na aelewe hivi: mkaazi wa Likoni anayefanya kazi Mtwapa huvuka maji mara tatu kabla ya kufika kazini. Kwanza hupanda feri kuingia kisiwani, kisha hukata mji na kupita Daraja la Nyali, kisha hufuata barabara ya kaskazini kupitia Bamburi na Shanzu hadi daraja la Mtwapa. Jioni huyavuka maji yale yale mara tatu nyingine. Maji mara sita kwa siku, na kila penye maji pana foleni yake.

Barua ilitoka katika hospitali moja ya binafsi. Ilimtaka awe karani wa hesabu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa, pamoja na Jumamosi mbili kila mwezi. Mshahara ulikuwa shilingi 40,000. Jibu lilitakiwa kwa muda wa siku kumi. Nyumbani ana watoto wawili, mkubwa wa miaka saba na mdogo wa miaka minne, ana mume ambaye ni fundi wa umeme, na ana mavyaa wake ambaye ana maradhi ya sukari na anaishi nao.

Swali aliloniletea si lake peke yake. Katika kila mtaa wa pwani yetu yumo mama au binti aliyewahi kushika barua kama ile, akatamani kusema ndiyo, lakini njia ikamtia hofu. Kwa hiyo nimemwomba ruhusa niyaandike yaliyopita baina yetu katika siku zile kumi, naye ameniruhusu kwa sharti nisimtaje jina.

Hesabu ya mshahara na hesabu ya njia

Jambo la kwanza nililomwambia ni kwamba asiitazame ile 40,000 kama kwamba ni yake yote. Tulichukua karatasi tukaandika. Kwa viwango vya wakati huo, hutoka asilimia 6 ya mfuko wa uzeeni wa NSSF, yaani 2,400, asilimia 2.75 ya bima ya afya, yaani 1,100. Na asilimia moja u nusu ya nyumba za serikali, yaani 600. Kodi ya mapato ilikuwa shilingi 3,100 na kitu. Zikabaki kama 32,700 za kutia mkobani.

Kisha tukaandika njia. Asubuhi, tuktuk mpaka feri shilingi 50. Feri yenyewe mwenda kwa miguu halipi. Matatu mpaka Mtwapa 100. Bodaboda mpaka hospitalini 50. Jioni matatu hupandisha nauli ikawa 150, na vile vingine vikabaki pale pale. Jumla shilingi 450 kwa siku, na kwa siku 24 za kazi ni shilingi 10,800. Chakula cha mchana kwa uchache ni 150 kila siku, ambazo ni 3,600. Na kwa kuwa angeondoka kabla ya jua na kurudi baada yake, ingebidi amlipe mtu wa kuwapokea watoto na kukaa na mavyaa, naye hakupatikana kwa chini ya 6,000.

Zikabaki 12,300. Hapo nikamwuliza: “Na cherehani hukupa ngapi kwa mwezi?” Akasema, miezi ikipishana, si chini ya 9,000. Cherehani hiyo ingelazimika kufunikwa kitambaa. Basi faida halisi ya kazi mpya kwa mwezi ikawa shilingi 3,300.

Kisha tukahesabu saa. Angetoka nyumbani saa kumi na moja u nusu alfajiri na kurudi saa moja u nusu usiku: saa kumi na nne, tisa za kazi na tano za njiani. Saa tano mara siku 24 ni saa 120 kwa mwezi. Tukazigawanya zile 3,300 kwa saa hizo, tukapata shilingi 27 na nusu kwa kila saa ya kusimama katika foleni.

Binti alinyamaza kitambo, kisha akacheka kicheko kisicho na furaha. Lakini nilimwambia asiitupe barua, kwani karatasi ile ilikuwa bado haijakamilika. Kuna mambo yasiyoandikika kwa shilingi. Fedha ya NSSF haipotei. Mwajiri huongeza kiasi kile kile, na zote huwa akiba ya uzee, ambayo cherehani haikuwahi kumpa. Kuna uzoefu, ambao kila barua ya maombi aliyoipeleka miaka mitatu ilirudishwa kwa kuukosa. Na kuna elimu yenyewe, ambayo wazazi wake waliuza shamba la minazi ili aipate, na ambayo huchakaa isipotumiwa kama nguo iliyoachwa sandukuni. Haya yote yana uzito, na ni haki yawekwe kwenye mizani pamoja na nauli.

Ninalotaka kulisema katika makala haya ni hili: kazi haianzii kwenye mlango wa ofisi. Huanzia mlangoni pako unapoufunga alfajiri, na haiishi mpaka urudi kuufungua. Anayepima kazi kwa mshahara na cheo tu amepima nusu yake. Na anayeikataa kwa kuogopa njia, bila kuuliza kama njia hiyo yaweza kupunguzwa, naye pia amepima nusu.

Kuijaribu njia kabla ya kujibu

Nilimshauri aifanye safari ile kabla ya kujibu, mara mbili, kwa saa zile zile ambazo angezitumia angekuwa mwajiriwa. Wengi wetu huijua njia kwa ile safari ya siku ya usaili, ambayo mara nyingi ni saa nne za asubuhi, barabara ni tupu na moyo una hamu. Hiyo siyo njia ya kila siku.

Alichagua Jumatatu na Ijumaa. Jumatatu alisali Alfajiri akatoka. Feri hukadiriwa kuvusha zaidi ya watu laki tatu kwa siku, na saa ile huonekana kana kwamba wote wameamua kuvuka pamoja. Alifika mlangoni mwa hospitali saa mbili kasoro dakika ishirini. Asubuhi, alisema, yavumilika.

Jioni ndiyo iliyomfunza. Alisubiri hadi saa kumi na moja kama mtu aliyetoka kazini, akapanda matatu. Adhana ya Magharibi ilimkuta garini, barabara imefungamana, naye akihesabu dakika. Aliteremka mjini akaingia msikiti wenye sehemu ya wanawake, akasali, kisha akaenda kusimama fereni. Ilikuwa siku za bamvua na maji yamekupwa sana, magari yakipanda na kushuka kwa taratibu, na kila chombo kikichukua muda. Alipofungua mlango wa nyumba yake ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi. Mwanawe mdogo alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mlango, na sare ya shule mwilini. Alikuwa amekataa kuvuliwa na mtu mwingine.

“Mama mdogo,” aliniambia kwa simu usiku ule, “nilisimama nikimtazama, nikajiuliza: nitamwona macho siku gani?”

Kuna msemo wetu kwamba mchumia juani hulia kivulini. Ni msemo wa kweli. Lakini mtu anapofika kivulini akakuta waliokuwa wakimngoja wamelala, yafaa aulize ni kivuli cha nani anachokitafuta.

Shauri la nyumbani

Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Suratu Shura amewasifu waumini ambao mambo yao huyaendesha kwa kushauriana. Mara nyingi sisi wanawake huamuliwa, au hujiamulia kimya kimya halafu tukaibeba hasira peke yetu. Nikamwambia awakalishe watu wake, na mimi nikaalikwa.

Dada yangu, mamake, alikuwa wa kwanza kusema, na alikataa. Hakukataa kwa sababu ya mshahara wala watoto. Yeye hajapanda chombo chochote cha kuvukia tangu tarehe 29 Aprili 1994, siku ile ya Ijumaa asubuhi ilipozama feri ya Mtongwe na kuondoka na roho za watu zaidi ya 270, wengi wao wakiwa njiani kwenda kazini. Kila feri kwake ni feri ile. Hatukumbishia. Hofu ya mama haijibiwi kwa hoja. Husikilizwa, ikapewa heshima yake, kisha watu wakatazama yaliyo mbele yao. Binti alimwambia kwa upole kwamba yeye amekuwa akivuka tangu utotoni kwenda chuo, sokoni na hospitalini, na kwamba ajali imo katika ilimu ya Mungu nchi kavu na majini. Mamake akanyamaza. Hakuridhika, lakini alijua amesikilizwa.

Mume alisema maneno machache. Alisema kazi zake za umeme huanza saa tatu, na kwamba yeye anaweza kuwaamsha watoto, kuwachemshia chai na kuwapeleka shule. “Asubuhi niachieni mimi,” akasema. “Lakini jioni siwezi kuahidi, maana mteja akiita lazima niende.”

Tuliyemwogopea ni mavyaa. Sote tulikuwa tukimtaja kwa chini chini: nani atamtazama, nani atamkumbusha sindano ya sukari. Alisubiri wote wamalize, akasema: “Mimi nilianza kujidunga sindano kabla huyu hajaolewa humu. Msinifanye mimi kuwa sababu. Nyie mnazungumza habari ya mzee anayejua kujilaza, na mtoto asiyejua kulala bila mamake hamumtaji. Mwanangu, kama waweza kurudi kabla ya Magharibi, nenda. Kama huwezi, kaa, riziki haina njia moja.”

Kwa maneno yale, bibi yule aliyefundua jambo tusilokuwa tukiliona. Swali halikuwa tena kama kazi ichukuliwe au iachwe. Swali lilikuwa: je, yawezekana kurudi kabla ya Magharibi? Na swali hilo mwenye jibu lake hakuwa miongoni mwetu. Alikuwa mwajiri.

Mafundisho mawili ya zamani

Usiku ule niliikumbuka Suratul Qasas. Nabii Musa (A.S.) alifika Madyan akiwa mkimbizi, akawakuta wanawake wawili wamejitenga na wanyama wao, wakisubiri wachungaji waondoke ndipo wanyweshe. Walipoulizwa, walieleza kwamba baba yao ni mzee sana. Musa akawanyweshea. Baadaye mmoja wao akamshauri baba amwajiri, na mzee akampa Musa masharti: miaka minane, na kama angependa kuitimiza kumi, hiyo ni hiari yake. Na katika masharti yale yale, mzee alimwambia wazi kwamba hataki kumtia katika mashaka. Musa naye akakubali baada ya kuelewa kila kipengele.

Tazama, msomaji, mafundisho yaliyomo. Wanawake wale walikuwa na kazi ya lazima nje ya nyumba, na ugumu wao haukuwa kazi bali mazingira yake: msongamano kisimani. Na mkataba ule ulizungumzia uzito kabla ya kazi kuanza, si baada ya mtu kuchoka. Basi kumtaja mwajiri ugumu wa njia si utovu wa adabu. Ni katika adabu ya mkataba.

Fundisho la pili ni la Bi. Asmaa binti Abubakar (R.A.), ambaye habari yake imo katika Sahihi Bukhari. Alikuwa akibeba kokwa za tende kichwani kutoka katika ardhi ya mumewe Zubeir, umbali wa theluthi mbili za farsakh kutoka mjini. Kwa vipimo vyetu ni zaidi ya kilomita tatu. Siku moja Mtume (S.A.W.) alimkuta njiani na mzigo wake, akamtulizia ngamia apande, naye akaona haya. Alipomweleza mumewe, Zubeir alijibu kwamba kumwona akibeba kokwa zile kulikuwa kuzito zaidi kwake kuliko kupanda. Baadaye babake alimpelekea mtumishi wa kumtunza farasi, na Bi. Asmaa akasema ilikuwa kana kwamba amekombolewa. Hakuna aliyemlaumu kwa kuchoka, wala hakuna aliyesema kuchoka kwake ni udhaifu wa imani. Waliokuwa karibu naye walitafuta la kumpunguzia.

Na tusisahau lile la ngamia: funga kwanza, kisha tegemea. Anayesema “nitakwenda, Mungu atanijaalia,” bila kujua nani atawapokea watoto, bado hajafunga ngamia. Na anayekaa kwa kusema “riziki itanifuata,” bila hata kuuliza, naye hajamfunga.

Kuhusu istikhara, binti aliisali kama tulivyofundishwa: rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua yake. Akaniuliza mbona hakuota kitu. Nikamwambia kwamba istikhara haina sharti la ndoto. Ni kumwomba Mjuzi wa ghaibu alifanye jepesi lenye kheri na aliepushe lenye shari, kisha mja huendelea na hatua inayofuata. Na hatua iliyofuata ilikuwa kuandika barua.

Kumwuliza mwajiri

Hapa ndipo wengi wetu huogopa. Tumetafuta kazi muda mrefu hata tunaona kuuliza ni kufuru. Tunadhani mwajiri akisikia neno moja ataipa nafasi mtu mwingine. Yawezekana. Lakini mwajiri aliyekuchagua kati ya waombaji wengi naye ametumia muda wake, na hana hamu ya kuanza upya kwa sababu ya ombi la adabu.

Barua yake ilikuwa fupi. Alishukuru, akasema anaitaka kazi. Akaeleza anakokaa, na kwamba ameijaribu njia mara mbili. Kisha akaomba mojawapo ya mambo matatu: aanze saa moja na kutoka saa tisa u nusu kwa kupunguza mapumziko ya mchana, au afanye baadhi ya siku nyumbani kwa kompyuta, au apewe usafiri. Hakuomba mshahara zaidi. Hakuhadithia habari za watoto wala ugonjwa wa mavyaa, kwani mwajiri hahitaji kuonewa huruma; anahitaji kujua kazi yake itafanyika vipi.

Jibu lilikuja siku ya tisa. Kufanyia kazi nyumbani kulikataliwa, kwani vitabu vya hospitali havitoki. Saa zilikubaliwa. Na kwa kuwa sasa angeanza saa moja, mwajiri akaongeza jambo ambalo hakuna aliyelijua: hospitali ina gari linalowachukua wauguzi wa zamu ya asubuhi, na huondoka kituo cha Feri upande wa kisiwani saa kumi na mbili kamili. Kiti kimoja kilikuwa kitupu.

Tukarudi kwenye karatasi. Nauli ikashuka hadi 250 kwa siku, ambazo ni 6,000 kwa mwezi. Wa kuwapokea watoto, kwa kuwa sasa angekaa saa chache tu, akakubali 3,500. Chakula kikabaki vile vile. Zilibaki 19,600, na ukitoa za cherehani, faida ni 10,600. Saa za njiani zikawa tatu u nusu badala ya tano, yaani 84 kwa mwezi. Kila saa ya njia sasa ilimletea kama shilingi 126 badala ya 27. Mshahara haukuongezwa hata senti moja.

Yafaayo kuandikwa

Usikubali ahadi ya mdomo katika jambo ambalo maisha ya nyumba yako yameegemea. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na uoneshe mahali pa kazi na saa za kazi. Mwajiri akitaka kuyabadili hayo baadaye, anapasa kushauriana nawe na kukujulisha kwa maandishi. Binti alihakikisha kwamba “saa moja hadi saa tisa u nusu” imeandikwa, si kusemwa.

Kipindi cha majaribio hakizidi miezi sita kwa mkataba wa kwanza, na ndani yake kila upande waweza kuachana na mwenziwe kwa notisi ya siku saba. Wengi huogopa kipindi hiki. Mimi nasema kitumie: nawe pia unamjaribu mwajiri, na unaijaribu njia.

Kuhusu gari la kazi, Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inahesabu kwamba mfanyakazi anayesafirishwa bure na mwajiri kwa gari lililotengwa kwa ajili hiyo, likiendeshwa na mwajiri au mfanyakazi wake, yumo kazini. Mungu apishe mbali, likitokea la kutokea, haki yake haipotei. Kwa matatu ya barabarani hali si hiyo. Hilo nalo ni katika thamani ya kiti kile.

“Hapana” nayo ni jibu

Nisingependa msomaji afikiri kwamba kila njia ikiulizwa hufupika. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Malindi, aliwahi kupewa kazi katika kisiwa cha Pate. Kufika huko ni safari ya basi kupitia Garsen na Witu, barabara ambayo kuna nyakati mabasi husindikizwa na askari, kisha Mokowe, kisha mashua inayoufuata mkondo wa Mkanda, ambao hupitika maji yakijaa. Ingekuwa ni kuhama na kuonana na watu wake likizo hadi likizo. Alikuwa na mtoto mchanga na babake alikuwa kitandani. Aliuliza kama angeweza kungojewa muhula mmoja. Hawakuweza.

Alikataa. Aliandika barua ya shukrani, akaomba jina lake likumbukwe. Babake alifariki mwezi wa tatu baada ya hapo, naye alikuwa amemshika mkono. Kazi ile haikurudi tena. Ananiambia kwamba hadi leo, akisikia wenzake wakitaja vyeo vyao, moyo humchoma kidogo. Lakini hajutii, kwa kuwa alijua anachokiacha na anachokichukua. Na safari za mbali na za kulala nje zina hukumu zake katika fiqhi, ambazo wanavyuoni wamezijadili kwa urefu. Mwenye kuikabili safari ya aina hiyo na amwulize sheikh anayemwamini.

Bado anavuka

Binti yetu sasa yumo katika mwezi wa tano wa kazi. Hali haikuwa asali. Hutoka nyumbani watoto wamelala, na wiki za mwanzo mdogo wake aliamka akilia. Mumewe aliunguza maziwa mara kadhaa na kuwavalisha watoto soksi zisizofanana. Kuna siku foleni humshinda, Magharibi ikamkuta upande wa kisiwani. Cherehani imefunikwa, na wateja wake wengine wamehamia kwa fundi mwingine.

Lakini siku nyingi hufungua mlango wake saa kumi na moja u nusu jioni, jua bado liko juu ya minazi. Mdogo wake humngoja pale pale kwenye mkeka, akiwa macho na sare mwilini, kwa kuwa amekwisha kujiwekea sharti: kuvuliwa sare ni kazi ya mama. Mwezi ujao miezi sita inatimia, na wamekubaliana wote watano kukaa tena na ile karatasi. Mavyaa amesema safari hii yeye ndiye atakayeshika kalamu.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, njia nyepesi, na nyumba zinazotungoja. Wabillahi tawfiq.